Jiwe Lenye Jina la Manka

Kisomauhai kilikuwa na ukubwa wa jokofu la nyumbani, na siku hiyo, Moshi, mwaka 2131, kilikuwa kinanusa punje ya jiwe lililoletwa kutoka angani. Kinasaga punje, kinailowesha, kisha kinatafuta chembe zinazokula na kuzaana. Zikipatikana, basi huenda uhai wa duniani nao ulishuka kutoka juu, umelipanda jiwe kama abiria asiye na tiketi.

Aliyekibuni ni Daktari Eliaichi, kwa miaka kumi na tisa. Jiwe, hata hivyo, lilipewa jina la Daktari Manka, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyekiongoza kutoka hapa duniani chombo kilicholifuata. Eliaichi alisema hana kinyongo. Alisema hivyo mara tatu kwa siku, hata kwa wasiomuuliza.

Taa ya kijani ikawaka. "Uhai upo," kikasema kisomauhai.

Watu wakakumbatiana. Eliaichi akapiga makofi kwa ncha za vidole.

"Shoga, hata tabasamu limekwama?" Manka akamuuliza. "Mashine si yako?"

"Na jiwe ni lako. Hongera, mama jiwe."

Kisomauhai hakikuwa kimemaliza. "Chembe hizi ni za kinywa cha binadamu."

Makofi yakakatika. Mkurugenzi Kiwelu akavua miwani. "Nani alifungua sanduku la jiwe?"

"Mimi," Manka akasema. "Na barakoa nilivaa." Kisha akajishika mdomo. "Niliishusha kidogo. Nikalitemea mate."

"Ukalifanyaje?"

"Nililibariki, mkurugenzi. Kwetu mtoto akiletwa mara ya kwanza hutemewa mate kidogo. Wajukuu zangu wote nimewatemea. Jiwe limetoka mbali vile, nikajisahau." Akajaribu kucheka. "Nani ajuaye, labda hata dunia hii kuna bibi wa huko juu aliitemea."

Kiwelu akaiweka miwani mezani.

"Ungesema siku ile ile, tungekata palipolowa, tukaokoa robo tatu," Kiwelu akasema. "Siku kumi kwenye kabati la joto! Zimezaana mpaka kwenye kiini. Hatutajua tena kilichokuwamo. Kulikuwa na mtu mwingine?"

"Eliaichi alikuwa nyuma ya kioo, ila alikuwa ameinama anasoma."

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Eliaichi angenyamaza tu, akapita.

"Sikuwa nimeinama," akasema.

Manka akageuka polepole. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Siku kumi tumekunywa chai pamoja, Eliaichi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilitaka mashine yangu ndiyo ikuseme. Mbele ya watu."

Chombo kingine kingechukua miaka thelathini na minne kwenda na kurudi. Wanawake hao wawili walikuwa na miaka sitini na miwili kila mmoja. Kisomauhai, kisichojua aibu, kikauliza kama kiendelee na punje ya pili, na kwa kuwa hakuna aliyekijibu, kikauliza tena.