Aliyeitikia Karibu

Jioni ile alikuwa anakwenda kununua chakula tu. Mkate, mayai, na chochote kitakachokuwa kimebandikwa karatasi ya njano ya bei iliyoshushwa.

Kazini kwake, kwenye chumba cha pasi cha hoteli, wenzake walimwita Mama Nusu Bei, na jina lilimkaa. Alijua duka gani hushusha bei ya nyama saa kumi na mbili, lipi huuza mboga zilizoanza kulegea, na mgahawa upi ukikaribia kufunga huuza sahani zilizobaki kwa nusu. Usimcheke. Ugenini chupa ya maji tu mezani inaweza kukumaliza. Na yeye alikuwa na jambo moja tu kichwani: nauli ya ndege ya Chiriku, binti yake wa miaka saba, aliyemwacha kwa bibi yake. Alikuwa amejinyima miaka miwili. Ilibaki miezi mitatu amlete.

Jioni hiyo dukani akaikuta rafu ya karatasi za njano tupu. Tupu kabisa! Mzee mmoja alikuwa ametangulia, amemkumbatia kuku wa mwisho kama mtoto mchanga. Mama Nusu Bei akasonya mpaka muuzaji akageuka.

"Siku nzima nimesimama kwenye pasi," akanung'unika, "halafu nikose hata bawa?"

Njaa inauma, miguu inauma. Akaingia mgahawa wa kona, akapewa wali na kuku kwa nusu bei, akakaa kwenye ile meza ya watu wawili jirani na choo ambayo hakuna mtu anayeitaka.

Ndipo akamwona.

Mtu amesimama kando ya meza. Koti refu, limelowa chapachapa, na nje hakukuwa na mvua. Hamwangalii yeye. Anaangalia sahani. Na harufu... harufu ya jivu lililomwagiwa maji.

Sasa, mimi na wewe tumelelewa vilevile. Mtu akikukuta unakula, mdomo unasema wenyewe. Na anayekaribishwa anajua wajibu wake: atasema ahsante, nimeshiba, endelea tu, halafu apite zake. Hakuna anayekaa kweli. Chakula chenyewe cha mtu mmoja, akae ili iweje?

"Karibu," Mama Nusu Bei akasema, kijiko mdomoni, kwa Kiswahili, utadhani yuko kwao.

"Ahsante," mtu yule akajibu.

Kwa Kiswahili.

Akavuta kiti. Akakaa.

Nisiseme uongo, kilichomjia kwanza Mama Nusu Bei hakikuwa woga, ilikuwa hasira. Mtu gani hana haya namna hii! Akainama kuchota wali. Alipoinua macho, kiti kitupu. Alipoyarudisha mezani... sahani tupu. Hata mifupa haikuwepo.

Na tumboni, njaa ileile aliyoingia nayo.

Tangu siku hiyo hakushiba tena. Alipika sufuria nzima, akila vijiko viwili, imekwisha. Hivyo viwili vyenyewe havikuwa na chumvi, hata amwage kopo zima. Akaanza kununua mara mbili, kisha mara tatu, bila kungoja karatasi za njano. Pesa ya tiketi ikaanza kuliwa. Mwezi wa kwanza akaapa ataifidia. Mwezi wa pili akaacha kuapa.

Chumbani kwake alikuwa na viti viwili. Kile cha pili kilikuwa kinasogea.

Na alikuwa anasikia kutafuna. Polepole. Kwa adabu, mdomo umefungwa.

"Kula basi!" alipiga kelele siku moja, amechoka, machozi yanamtoka kwa hasira. "Kula na sufuria! Kula na mimi!"

Kutafuna kukanyamaza.

Halafu kukaendelea.

Pale kazini palikuwa na mama mmoja mkunja mashuka, mtu mzima, mwenzao wa kutoka kwao, aliyeishi nchi ile miaka ishirini. Huyo alikuwa anakula ameupa ukuta uso. Hamkaribishi mtu, hata umsimamie kichwani. Wote walimwita mchoyo, na Mama Nusu Bei ndiye aliyekuwa bingwa wa kumwigiza. Siku moja mama yule akapita nyuma yake, akasimama, akanusa.

"Ulimkaribisha nani?" akanong'ona.

Mama Nusu Bei akaiweka pasi chini. Akamweleza.

"Akakaa?"

"Akakaa."

"Basi hafukuziki. Umemkaribisha mwenyewe. Ataondoka siku mtu mwingine atakapomkaribisha."

"Nani atamkaribisha, na hamna anayemwona?"

"Si lazima amwone. Mtu anakula, anakwambia wewe karibu. Kama huyo yupo nawe, ataitikia yeye."

"Na wewe, dada... wako aliondokaje?"

Mama yule akalikunja shuka mara mbili. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema, akaenda zake ukutani kwake.

Kuanzia hapo Mama Nusu Bei akawa anakimbia watu wakila. Kengele ya chakula ikilia anajifungia chumba cha sabuni. Wenzake wakasema kaota pembe, kajifunza kwa yule mchoyo. Aliwasikia, akameza. Kama ni njaa, basi ibaki yake. Hatamtupia mtoto wa mwenzake balaa hili. Suruali ya kazi akaifunga kwa kamba. Hivyo ndivyo alivyoamua, na mimi simlaumu, wala usimlaumu. Alilinda kila mlango anaoujua.

Jumapili mchana alikuwa amekaa na bakuli la supu, anajilazimisha, simu ikalia. Picha ya Chiriku. Akapokea kwa furaha, jamani. Wiki nzima hajamwona mwanawe.

"Mama! Bibi kapika wali!" Mtoto akainua sahani mpaka ikajaza kioo chote. Mashavu mviringo, punje ya wali kidevuni.

Nyuma ya Mama Nusu Bei kiti kikalia... kwiii.

Harufu ya jivu ikamfika puani.

Hapo ndipo akakumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha yule mtoto, kwenye simu hiyohiyo: usile mbele ya mtu umenyamaza, hata kama ni mimi, ni vibaya.

"Chiriku, nyamaza! Usise..."

"Mama, karibu tule!"



"Ahsante," ikasema sauti nyuma ya bega lake.

Harufu ikakatika palepale. Kiti cha pili kikawa kiti tu. Na ndani ya simu, kule mbali nyumbani, akasikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"We Chiriku!" Ilikuwa sauti ya bibi. "Umeshamaliza sahani yote? Utapaliwa, mtoto wewe!"

Chiriku aliitazama sahani yake. Nyeupe, safi. Akaigeuza, akatazama chini yake.

"Bibi, niongeze. Nina njaa."

Mama Nusu Bei akalivuta bakuli, akajaza supu mdomoni mpaka ikamchuruzika kidevuni, akaikamata simu kwa mikono miwili.

"Karibu!" akapiga kelele. "Karibu! Ninakula hapa, nakukaribisha mimi! Rudi! Karibu huku!"

Supu ilikuwa na chumvi. Miezi miwili, na leo ilikuwa na chumvi.

Kwenye kioo, Chiriku hakufungua mdomo. Alikuwa ameinua macho, anatazama kitu kilichokaa upande wa pili wa meza.

"Ahsante," sauti ikajibu, kwa adabu zote. "Nimeshiba. Endelea tu."