Maziwa ya Shimo la Wasirikwa

Mnisikie vizuri, kwa sababu mimi si mtu wa porojo. Haya yalimpata mjomba wangu Kipkosgei, kule Siongiroi, ukame wa tisini na tisa, nami nikiishi kwake.

Shambani kwake kuna mashimo ya Wasirikwa, watu wa zamani waliofuga ng'ombe ndani ya mashimo kabla sisi Wakipsigis hatujafika. Jua lilikuwa limepasua udongo, kuta za mawe zinabomoka, na mifugo yenye kiu inazimalizia kwa kwato. Wazee wakampa mjomba kazi ya kuyalinda. Akazungusha miiba, akawa anafukuza watu kwa matusi, wee!

Lakini nyumbani kulikuwa na mjukuu mchanga. Fancy, mke wa mwanawe, maziwa yalikuwa yamemkauka, na ng'ombe aliyebaki ni mmoja. Malisho hakuna. Nyasi mbichi zilikuwa ndani ya shimo moja tu. Asubuhi moja mjomba, mlinzi mwenyewe, akaondoa miiba akamwingiza ng'ombe.

Jioni ng'ombe akarudi ameshiba. Kiwele kitupu. Chuchu zimelowa.

"Kuna mwizi," mjomba akasema. Kesho yake akajificha ukingoni, rungu mkononi.

Adhuhuri ng'ombe akasimama tuli. Miguu yake ya nyuma ikabanwa pamoja, vile tunavyomfunga kamba tukikamua. Kamba haikuwepo. Mtu hakuwepo. Halafu maziwa: chwaa, chwaa, kama yanaingia kwenye kibuyu.

Rungu likamponyoka. Akanong'ona, "Tafadhali. Mtoto wetu atakufa."

Kisha chini ya udongo mtoto akalia. Kilio cha njaa.

Jamani, mjomba aliogopa, lakini pia aliona huruma. Alimtoa ng'ombe, akarudisha kila jiwe lililoanguka, akafunga miiba. Alifika nyumbani akilia. "Mjukuu wangu nimemuua mimi," akaniambia, "sina pengine pa kumlisha huyu ng'ombe."

Asubuhi Fancy akaniita kwa sauti ya chini. "Umempa mtoto maziwa?"

"Mimi? Ya kutoka wapi?"

Mtoto alikuwa ameshiba, tumbo limejaa. Mdomo ulinukia maziwa ya kibuyu, kile kinachosuguliwa makaa ndani. Shavuni palikuwa na alama nyeusi za vidole. Vidogo kama vyake.

Tangu siku hiyo alikataa hata titi kavu la mama yake, akakataa na kikombe chetu. Na alinenepa. Kila adhuhuri aligeuza uso upande wa mashimo, akafungua mdomo, akangoja.