Picha za Dirishani

Kila alasiri, Kidoti alitoka shule akapitia dukani kwa shangazi yake. Zamani palikuwa studio ya picha ya marehemu babu. Chumba cha giza bado kilinuka dawa za kusafishia picha, na Kidoti alipenda kusimama mle akikumbuka taa nyekundu na vidole vya babu vilivyolowa. Siku hizi shangazi aliketi humo akitengeneza programu ya simu ya kufungia picha na ujumbe, mtu mwingine asivione.

Programu ilikuwa nzuri, wateja ndio hawakuja. "Hali ikiendelea hivi, mwisho wa mwezi tunafunga duka," shangazi alisema.

Kidoti akapata wazo. Alichapisha picha alizowapiga wateja wachache waliokuwapo, akazibandika dirishani na kuandika: HAWA WOTE WAMEFUNGA SIRI ZAO HAPA!

Kesho yake muuguzi wa zahanati aliingia bila hata kupiga hodi.

"Dada, ndiyo nini hii? Fundi viatu ananiuliza mbele za watu, 'Hata wewe muuguzi una ya kuficha?' Nimekuja kwako nisitiriwe, umenianika kama nguo!"

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, mama. Nisamehe," alinong'ona, akaanza kuzibandua zile picha. Muuguzi aliondoka bado amekunja uso.

"Babu yako," shangazi alisema taratibu, "alipiga picha mji mzima. Dirishani aliweka ya kwake tu, amevaa ile kofia iliyompwaya. Watu walimcheka, lakini harusi zao walimletea yeye."

Wakaandika tangazo jipya: "Tunafunga picha zako. Hata sisi hatuwezi kuziona. Ukisahau neno lako la siri, hatuwezi kuzirudisha."

"Shangazi, hilo la mwisho litawakimbiza!"

"Heri liwakimbize leo kuliko waje kulia kesho."

Fundi viatu alikuwa wa kwanza kulisoma. Akainamia kaunta. "Kidoti, nidokeze kidogo. Yule muuguzi anaficha nini?"

"Sijui, mzee. Na hata ningejua, nisingekwambia."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe!"

Fundi alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Basi nifungieni na mimi."

Kwa domo lake, mtaa mzima ukajua kwamba pale halivuji neno. Mwezi uliisha duka likiwa wazi, na muuguzi mwenyewe alirudi akiwa na dada yake.

"Umeona, mwanangu?" shangazi alisema. "Tangazo huwafanya watu watutazame. Watatuamini wakiona tunanyamaza, hata pale ambapo kusema kungetufaa sisi."