Hodi Kwenye Shimo la Tatu

Kulwa alipiga nyundo mara tatu, Thadeo akasikia nne.

"Hesabu vizuri, kaka. Kazi yenyewe ni kuhesabu tu."

"Nimepiga tatu, bosi."

Thadeo alifuta namba kwenye karatasi kwa hasira. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Bunda likiwachoma, matope ya kando ya ziwa yakiwafika magotini. Walikuwa wanapima ugumu wa ardhi kabla ya kujengwa tuta la kuzuia mafuriko: bomba linasimamishwa shimoni, nyundo inaangushwa juu yake, mapigo yanahesabiwa. Shimo hili la tatu lilishawala siku mbili, na ofisi ilisema wazi kwamba bila namba zake leo, tuta litaishia shimo la pili. Nyumba ya Penina, mama aliyewapikia, ingebaki nje, na maji yalishaibomoa mara mbili.

"Acha kupiga," Thadeo alisema.

Kulwa aliweka nyundo chini. Bomba likagongwa mara nne, taratibu, kutoka chini, na harufu ya nguo mbichi zilizovunda ikapanda.

Penina, aliyekuwa ameleta ugali, alimsogelea Thadeo sikioni. "Mume wangu alizama hapa, hatukumpata. Alikuwaga anagonga hivyo mlango akitoka kuvua. Lakini huyo siyo yeye, mwanangu. Ni jini lililomchukua. Msiliitikie."

"Mama, mimi nataka namba tu."

Wakaendelea, na wakipiga tatu wanajibiwa nne, wakipiga tano wanajibiwa nne, harufu ikizidi kuwaziba pua, simu ya ofisi ikiita kila baada ya muda, mpaka Thadeo, uvumilivu ukiwa umemwisha kabisa, akainamia mdomo wa bomba na kusema kile ambacho kila aliyelelewa vizuri husema akigongewa: "Karibu basi, ingia, tumalize."

Kimya. Kuanzia hapo nyundo ilihesabika bila shida. Saa kumi namba zilikuwa ofisini, na ofisi ikakubali. Thadeo alikwenda mbio kumpa Penina habari, moyo mweupe.

Alimkuta uani akiondoka na godoro kichwani. Nyayo za maji ziliingia mlangoni kwake, hazikutoka. Ndani, mtu alikuwa anavuta kigoda.

"Mama, wamekubali. Nyumba yako imo."

"Umemkaribisha wewe," Penina alisema kwa sauti ya chini, bila kusimama. "Hilo tuta mjengeeni yeye."