Nilivaa Pembe za Ibilisi Uwanjani Machakos

Nina miaka arobaini na moja. Naishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Mlolongo, karibu na machimbo, na kazi yangu ni ileile niliyoianza nikiwa kijana: kuchonga mawe ya kujengea. Nimejenga nyumba za watu wengi... yangu ikabomoka. Karatasi hii ni ya tano, nne za kwanza nilizirarua. Naomba msinicheke kabla hamjafika mwisho. Mkifika, chekeni mkiweza.

Jina langu ni Kyalo. Wakati wa mkasa huu nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilikuwa na kila kitu ambacho mwanamume mwenye akili angekilinda kwa meno. Mke wangu, Mwende, alikuwa binti wa mzee wa kanisa kule Muthetheni. Nilikuwa nimepeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa, mke ni wako. Mtoto wetu Mutheu alikuwa na miaka minne. Nikirudi kutoka machimboni alinipangusa vumbi la mawe kwenye nyusi kwa kidole kimoja, taratibu, kama fundi. Nani angetaka zaidi ya hayo? Mimi nilitaka!

Rafiki yangu wa machimboni aliitwa Musyoki. Tulikula sufuria moja na tulishika nyundo moja. Siku moja akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, mnene, mwenye maneno matamu, akitafuta vijana wenye miili mikubwa. Alisema ataleta Machakos maonyesho ya mieleka ya kulipwa, ile ya ulingo wa kamba ambayo watu walikuwa wakiiona kwenye video za hotelini. Musyoki akaniangalia, nami nikamwangalia. Basi, tukaingia.

Tulifanya mazoezi miezi kadhaa nyuma ya bohari moja Athi River, juu ya magodoro ya zamani. Ndugu wasomaji, leo nawaambia kile ambacho sikumwambia mke wangu kwa wakati wake. Mieleka ile ni mchezo uliopangwa! Atakayeshinda anajulikana mapema. Unafundishwa kuanguka kwa mgongo mzima ili kishindo kisikike na mfupa usivunjike. Na kabla ya kumwinua mwenzako umbwage, unambana mkono mara mbili, watu wasione. Maana yake: uko tayari? Naye akikubana mara mbili, amejibu: niko tayari, niangushe, nimekuamini.

Mimi na Musyoki tulibanana mikono hivyo mara elfu. Hakuwahi kuniumiza hata kucha.

Yule bwana alitupa sharti moja. Alitusimamisha, tukainua mikono, tukaapa kwamba siri ya ulingo haitatoka midomoni mwetu, hata kwa wake zetu. Kwetu Mkamba na kiapo hawataniani. Nikaapa, na nikakichukulia kiapo kile kwa uzito kuliko kile cha ndoa... mjinga mimi!

Kisha akagawa majina. Musyoki ana sura nzuri na meno meupe, akawa Simba wa Iveti, jina la vilima vya pale Machakos. Mimi nina uso ambao hata mama yangu alikuwa akiutania. Nikaitwa Ibilisi wa Mlolongo. Nikashonewa kofia nyekundu ya kufunika uso mzima, na juu yake pembe mbili za beberu. Niliuliza kama hilo jina si la hatari kidogo. Bwana akacheka, akasema uso wangu hautaonekana, na kwamba watu hulipa zaidi kumwona shetani akipigwa kuliko kumwona binadamu.

Mnakumbuka miaka ile ya tisini? Nchi nzima ilikuwa ikinong'ona juu ya waabudu shetani. Mtoto akipotea, ni wao. Tajiri akinunua gari, ni wao. Wazazi walikataza watoto kupokea peremende kutoka kwa wageni. Na sisi, katikati ya hofu hiyo, tukabandika karatasi mji mzima zenye picha ya pembe!

Makanisa yakawaka moto. Wahubiri walisema wanaume nusu uchi na Ibilisi hawawezi kuchezeshwa katika mji unaomcha Mungu. Wazee walikwenda kwa wakuu wa serikali kuomba maonyesho yafutwe. Akina mama walifunga na kuomba. Mwende wangu naye alifunga siku tatu, akimwomba Mungu amwangushe yule Ibilisi wa Mlolongo... na mimi nimekaa mbele yake nala muthokoi, mahindi na maharagwe aliyopika yeye! Nilimwambia kwamba ninakwenda Machakos kujenga ulingo tu. Akaniombea safari njema.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, jua kali. Nje ya lango akina mama wa kanisa waliimba kwa sauti moja, na ndani uwanja ulijaa hadi watu wakapanda ukuta. Yule bwana alikuwa akisugua viganja. Kelele za kanisa zilikuwa zimemjazia uwanja bure.

Nilipoingia na pembe zangu, watoto walilia. Niliunguruma, nikakanyaga sakafu, nikamkaba Simba wa Iveti, na watu walinitukana kwa Kikamba matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nilipokuwa nikichunga ng'ombe. Kwa kweli nilifurahia! Sijawahi kuwa mtu wa kuangaliwa. Tulikuwa tumepanga kwamba mwishoni Musyoki atainua mkono mbinguni, alitaje jina la Yesu, nami nianguke kama mti. Akanibana mara mbili. Nikambana mara mbili. Nikaanguka.

Uwanja ulilipuka. Watu walisimama wakilia na kuimba, wengine wakapiga magoti kwenye vumbi.

Halafu Musyoki akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Aliinama, akashika pembe, akavua kofia yangu. Nikabaki uso mtupu mbele ya Ukambani nzima! Na kutoka kwenye umati mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba huyu ni Kyalo, mkwe wa mzee wa kanisa wa Muthetheni.

Nilimuuliza Musyoki baadaye kwa nini. Alisema ni yule bwana aliyemwamuru wakati nikivaa. Nikamsamehe palepale. Yule bwana alirudi Nairobi jioni ile na sikumwona tena maishani.

Mabaya hayakuchelewa. Nilipofika Mlolongo habari ilikuwa imenitangulia. Mwenye nyumba alitoa vitu vyetu nje. Machimboni wenzangu walihamisha sufuria yao, na hakuna aliyekubali kuokota nyundo niliyoishika. Jumapili kanisani, benchi letu lilikuwa na watu watatu tu: mimi, mke na mtoto. Tukahamia kwa mama yangu kule Mwala, na huko wiki ya pili Mutheu akashikwa na homa kali.

Ilikuwa malaria, daktari alisema hivyo. Lakini nani anamsikiliza daktari wakati majirani wana maelezo yao? Walisema waabudu shetani hutakiwa kutoa kile wanachokipenda zaidi. Mwende aliwasikia. Siku moja nilipotaka kumpa mtoto uji, alichukua kikombe mkononi mwangu, akanusa ndani, akaumwaga mlangoni. Kisha akaniuliza, polepole, bila kulia.

"Kyalo, uliwauzia mtoto?"

Hapo kiapo kikanitoka. Nilimweleza kila kitu: magodoro, kuanguka, kubanana mikono. Nilimwonyesha mkononi mwake mwenyewe, mara mbili, hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema angependa sana kuniamini, lakini mshtakiwa hajitolei ushahidi. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa nami ulingoni. Aje aseme mbele ya wazee, naye Mwende atatembea nami mchana kweupe hadi Mlolongo.

Maisha yangu yakawa mikononi mwa Musyoki! Nilimwendea, nikamlilia. Akanishika bega, akasema nisijali, atakuja.

Wazee waliketi kanisani Muthetheni siku ya Jumamosi. Baba mkwe alikuwa katikati, Mwende nyuma na mtoto mgongoni. Musyoki alifika amevaa suti mpya. Sikujua kwamba tangu siku ile ya uwanjani alikuwa akialikwa kanisa hili na lile kutoa ushuhuda, jinsi alivyomwangusha Ibilisi kwa jina la Bwana. Sikujua kwamba tayari watu walikuwa wakimwita mtumishi. Kabla hajasema neno, alinijia, akanipa mkono mbele ya wote.

Akanibana mara mbili.

Sijui niwaelezeje. Mkono wangu ulijibu kabla ya akili yangu. Nikambana mara mbili. Nilidhani ananiambia: tulia, nimekushika, hutaumia. Hivyo ndivyo alivyokuwa ananiambia siku zote!

Musyoki akageuka kwa wazee. Akasema yeye hajui mchezo wowote. Akasema alipigana kwa imani, na kwamba alisikia kwa mikono yake kitu kisicho cha mtu kikitoka ndani yangu.

Mimi nilinyamaza... nilikuwa nangoja! Ulingoni, ukibwagwa hukurupuki. Unalala pale mpaka mwenzako amalize sehemu yake. Nilingoja sehemu nyingine, pale atakapogeuka na kunisafisha. Baba mkwe aliniuliza mara mbili kama niko na neno. Nikatazama viatu vya Musyoki. Havikugeuka.

Nilipofungua mdomo wazee walikuwa wameshasimama, na Mwende alikuwa ametoka nje na mtoto.

Mwezi uleule baba mkwe akaleta mbui ya ulee, mbuzi wa kukataliwa. Kwetu mbuzi huyo akifungwa kwenye boma lako, ndoa imekwisha. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limekatwa. Mama yangu alikataa asichinjwe wala kuuzwa. Alisema maadam mbuzi yuko hai, neno halijaisha, akawa anamkatia majani kila asubuhi kama mgonjwa.

Miezi minane ilipita. Nilipiga hodi Muthetheni mara nyingi, nikafukuzwa, lakini ndugu yake Mwende mmoja alininong'oneza kwamba dada yake ameanza kuulizauliza juu ya mambo ya mieleka. Nikapata nguvu. Nikaamua kumfuata Musyoki hadharani. Alikuwa na mkutano wa hema Athi River, mchana, watu hawana hesabu. Niliingia kwenye mstari wa wanaoombewa. Nilipanga akinifikia ninyakue kipaza sauti na kusema kila kitu.

Alinifikia. Alinitambua, na jasho likamtoka. Akauweka mkono mmoja kichwani pangu, kwa mwingine akashika mkono wangu, akaniinamia sikioni.

"Anguka, Kyalo. Kesho naenda kwa Mwende mwenyewe, namwambia umeokoka. Atarudi."

Akanibana mara mbili.

Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka! Nilikuwa nimemkosa mtoto wangu miezi minane. Nikafikiri, kweli au uongo, kuna haja gani, mradi warudi? Nikambana. Nikaanguka kwa mgongo mzima, kishindo kikasikika hema lote, na watu wakashangilia kwamba Ibilisi wa Mlolongo ameanguka mara ya pili.

Kesho ikapita. Mwezi ukapita. Musyoki hakwenda. Mwende naye aliolewa na mwalimu mmoja baada ya mwaka. Mbuzi wa mama alikufa kwa uzee.

Mwaka jana mama yangu akamfuata. Kwenye mazishi alikuja msichana mrefu, mwenye sare ya shule, akatupa udongo kaburini kwa heshima. Sikumtambua mpaka aliponijia na kunitazama usoni, kwenye nyusi. Mutheu! Sasa ana miaka kumi na sita. Alisema mamake ndiye aliyemtuma amzike susu wake, yaani nyanya yake. Tukaketi juu ya mawe yaliyobaki ya kujengea kaburi. Aliniuliza kama ni kweli ulikuwa mchezo tu. Nikamwambia ndiyo. Akachora chini kwa kijiti.

"Mama alikuwa anakuamini. Alikuwa amefunga nguo zetu kwa shuka, turudi kwako Jumatatu. Halafu watu wakatoka Athi River wakasema wamekuona ukianguka tena, kwa macho yao. Akafungua shuka."

Ningemwambia nini? Kwamba nilianguka ili warudi?

Alipoondoka alinipa mkono kama mtu anavyomuaga mzee yeyote. Niliushika kwa vidole tu, nikiogopa mkono wangu mwenyewe. Sikuubana.

Wasomaji wenzangu, wengine mnaitwa leo kuvaa kofia ya uongo, kwa jina au kwa makofi ya watu. Nawasihi, msiivae! Na kama mmeshaivaa, siku mtakapoulizwa na wale wanaowapenda, semeni palepale, wenyewe, kwa sauti. Usingoje mwenzako akusemee. Mimi nilingoja, na rafiki yangu hakuniangusha hata mara moja bila ruhusa yangu. Kila mara aliniuliza kwanza... na kila mara mkono huu ulikubali.