Kiraka Ahamia Ghorofani

Fundi alishona nguo nyumbani kwake, katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Cherehani yake ilikuwa ya miguu. Ukikanyaga inaimba, ukiacha inanyamaza. Siku hizo ilinyamaza kila mara. Fundi alikanyaga kidogo, akasimama, akasikiliza. Macho yalikuwa kwenye kazi, lakini sikio lilikuwa mlangoni.

"Nyaau," alilia Kiraka. "Nyaaaau."

Kiraka alikuwa paka wao. Alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa doa moja jeusi mgongoni. Doa lenyewe lilikuwa la pembe nne, utadhani kuna mtu alimshonea.

Zamani familia hiyo iliishi nyumba ya chini, yenye ua. Kule Kiraka alikuwa paka wa nje. Alikuja ndani kula tu, tena kwa haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi. Aliwinda panya nyuma ya stoo. Alilala juani, juu ya ukuta. Kwa haja zake alichimba mchanga uani, akamaliza, akafukia. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyesumbuka naye.

Kisha mwenye nyumba akasema anabomoa. Wakahamia ghorofa ya tatu, kando ya barabara kuu. Malori yalipita hapo kutwa kucha, na vioo vya madirisha vilitetemeka.

Mume wa Fundi mwenyewe alikuwa dereva wa lori.

"Mke wangu, paka huyu asitoke," alisema siku waliyohamia. "Mimi nikiwa juu kule kwenye usukani, paka simwoni. Nasikia tu kitu kimegonga tairi."

Maneno hayo yalimwingia Fundi mwilini kama baridi. Kitu kimegonga tairi. Tangu hapo alifunga mlango kwa komeo.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Kwa kuwa alizaliwa mdogo, mviringo, mashavu yamejaa, wote walimwita Kifungo.

"Sasa nyumba hii ina vifungo viwili," baba yake alitania. "Kimoja kinakwenda shule, kingine anakitumikia Kiraka."

Kifungo alicheka. Fundi hakucheka. Alimtazama Kiraka akikwaruza mlango, na aliona kweli ni mfungwa.

Taabu ilikuwa wateja. Mtu akibisha hodi, Kiraka alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Siku moja mteja aliingia na mfuko mkubwa, na Kiraka akapita katikati ya miguu yake. Fundi alishuka ngazi mbio, futi kamba ikining'inia shingoni. Alimkuta Kiraka langoni, mguu mmoja tayari uko nje. Lori lilipita na vumbi lake. Fundi alimkamata kwa mikono miwili. Akaketi chini pale pale, mbele za watu.

Tangu siku ile Kiraka alibadilika. Alijificha chini ya kitanda. Chakula alikionja tu. Alirarua kiti cha wageni kwa kucha. Kisha likaja kubwa kuliko yote. Fundi alikuwa amekunja kitambaa cheupe cha bibi harusi, akakiweka juu ya meza. Alipogeuka, Kiraka alikuwa juu yake, amechuchumaa, macho yametulia kabisa, hana habari. Alikuwa anakojoa.

"Mama! Kitambaa cha harusi!" Kifungo alipiga kelele.

Fundi alikifua mara hiyo hiyo. Bahati yake, kilitakata. Lakini mumewe alikuwa ameona.

"Basi," alisema. Alikuwa anafunga viatu ili asafiri. "Sikiliza, Mama Kifungo. Nikirudi safari hii, nikisikia nguo ya mtu imekojolewa tena, nampakia kwenye lori. Namrudisha tulikotoka."

"Baba, kule kuna nani?" Kifungo aliuliza. "Nyumba zote zimebomolewa."

"Kuna panya."

"Kuna matingatinga!"

Baba yake alisimama. Alichukua begi, akatoka. Fundi alibaki ameshika komeo. Akimwacha Kiraka atoke, barabara ipo. Akimzuia, atakojolea nguo nyingine, na mume akirudi atamchukua. Kila upande aliona paka amekufa. Usingizi ulimpaa.

Siku iliyofuata mtu alibisha hodi.

"Ngoja! Ngoja kwanza!" Fundi aliita. Alitazama huku na huku. Kiraka hakuonekana. Alifungua mlango kidogo, upana wa kiganja. "Pita upesi, dada. Pita upande."

Aliyeingia alikuwa jirani wa ghorofa ya kwanza, daktari wa mifugo. Mkononi alikuwa na koti lake jeupe, mfuko umechanika.

"Kuna nini ndani, Fundi? Umeficha mamba?"

"Paka, Daktari."

"Lo! Afadhali paka. Angalia mbuzi wa watu alivyonifanya." Alionyesha mfuko. "Namtibu, na yeye ananila koti."

Fundi alitaka kucheka, lakini machozi yalimtangulia. Alieleza yote: mlango, barabara, kitambaa, mume. Daktari aliketi. Hakumkatiza.

"Mnampiga?" aliuliza mwishoni.

"Hapana. Ila nilimpigia kelele."

"Usirudie. Hajui kosa lake. Anajua tu kwamba wewe unatisha. Sasa niambie, choo chake kiko wapi?"

"Nimemtengenezea," alisema Fundi, na kidogo alijiona. Alivuta boksi kutoka chini ya meza ya kukatia. "Vipande vya nguo vinavyobaki. Nimemchagulia vile laini. Vikilowa natupa, naweka vingine."

Daktari alitazama boksi. Alitazama meza. Alitazama nguo za wateja zilizokunjwa juu yake. Kisha akacheka hadi akashika mbavu.

"Fundi wee! Umemfundisha mwenyewe!"

"Nimemfundisha nini?"

"Kwamba kitambaa ni choo. Kwako wewe hivi ni vipande na ile ni nguo ya harusi. Kwa paka, vyote ni kitambaa. Tena ile ya harusi ilikuwa safi zaidi. Angeachaje?"

Fundi aliweka mkono mdomoni. Alikumbuka macho ya Kiraka juu ya ile meza, jinsi yalivyotulia. Maskini, alidhani anatii.

"Kule mlikotoka alijisaidia wapi?" Daktari aliuliza.

"Mchangani."

"Basi mpe mchanga. Tafuta beseni pana, lenye ukingo mfupi. Weka mchanga mkavu, kina cha vidole vinne hivi, achimbe. Changanya na udongo kidogo wa nje, ili harufu aifahamu. Beseni likae pembeni, mahali pa utulivu, mbali na chakula chake. Wewe ungekula chooni?"

"Mungu apishe mbali!"

"Naye hataki. Ondoa uchafu kila siku, na mchanga uubadilishe mara kwa mara. Unawe mikono kwa sabuni. Na mwanamke mwenye mimba asifanye kazi hiyo. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Na pale alipokojoa, osha kwa sabuni, kisha pangusa kwa siki na maji. Harufu ikibaki, atarudi pale pale."

Wakati huo Kiraka alitokeza kichwa chini ya pazia. Mdomoni alikuwa na uzi mwekundu. Aliutafuna, akaumeza kidogo, akautafuna tena.

"Mshike!" Daktari aliruka. Alimtoa uzi ule polepole, ukatoka wote. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Fundi, hii ndiyo hatari ya nyumba yako. Uzi ukiingia tumboni hukunja utumbo. Ukiwa na sindano, ndiyo balaa kabisa. Nyuzi zote zikae ndani ya kopo lenye kifuniko. Na ukiona uzi umeshaingia sana, usiuvute. Mlete kwangu mbio."

Fundi aliokota uzi mwingine miguuni pake. Alikuwa analinda mlango, kumbe hatari nyingine ilikuwa sakafuni kwake.

"Na kulia mlangoni je?" aliuliza. "Analia mpaka moyo unaniuma."

"Nje alikuwa na kazi. Alikimbia, alipanda, aliwinda. Ndani mmempa nini? Hana hata pa kukwaruza, ndiyo maana kiti chako kimekoma. Funga kamba ya katani kwenye kipande cha mti, akwaruze hapo. Cheza naye kila siku. Funga tambara kwenye kijiti, livutwe kama panya, akimbize, alikamate. Kisha mpe chakula. Anakimbiza, anakula, analala. Ndiyo ratiba ya paka. Mkimaliza, kijiti kiwekwe mbali. Mwekee na ubao dirishani aone nje, lakini kwanza dirisha lifungwe wavu wa waya. Paka huanguka ghorofani, wasikudanganye watu."

"Akilia nimfungulie nyumba nzima?"

"Anza na chumba kimoja kidogo. Weka humo beseni, maji, chakula, na boksi lililolazwa la kujificha. Nyumba yote kwa mara moja inamtisha. Akitulia, unamwongezea chumba kingine. Na akilia mlangoni, usifungue hata mara moja. Ukifungua leo, kesho atalia maradufu, maana ameona kilio kinalipa. Chakula na michezo viwe mbali na mlango." Daktari alisimama. "Na mlete kliniki achanjwe na kuhasiwa. Dume asiyehasiwa hatulii ndani. Jambo la mwisho, ukimwona anachuchumaa mara nyingi na mkojo hautoki, usingoje. Dume akizibwa mkojo hufa upesi."

Alipotoka, Fundi alilichukua lile boksi la vitambaa na kulitupa jalalani.

Kazi haikuwa rahisi. Walimweka Kiraka katika chumba cha Kifungo. Walileta mchanga, akaunusa, akageuka. Fundi alishika tama.

"Mama, tumesahau udongo," alisema Kifungo.

Alishuka nyuma ya jengo, akachota udongo mkavu kwenye kopo. Walipouchanganya, Kiraka alisogea. Alichimba kidogo. Alitazama ukutani kama mtu mwenye aibu. Kisha akajisaidia, akafukia vizuri.

"Amefanya!" Kifungo alirukaruka. "Mama, amekunya!"

"Nyamaza, usimwaibishe," alisema Fundi, naye anacheka kwa mara ya kwanza tangu wahame.

Vilio vilibaki. Kiraka alilia mlangoni mwa chumba hicho asubuhi na jioni, kwa sauti ya kuomba. Mara nyingine mkono wa Fundi ulifika kwenye komeo wenyewe. Aliuondoa. Aliziba masikio, akakanyaga cherehani kwa nguvu. Mara moja alishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akafumua, akaanza upya. Jioni Kifungo alivuta kijiti chenye tambara, Kiraka akaruka, akalikamata, akaliuma. Kisha akala bakuli lote.

Kabla mtu hajajua ni siku gani hasa, kilio kilipungua. Kiraka alihasiwa, akapona. Akaongezewa ukumbi. Akaanza kupanda ubao wa dirishani, nyuma ya wavu, akahesabu malori. Kiti cha wageni alikiacha. Nguo zilikaa mezani, safi.

Lakini Fundi hakuwa na amani. Mlango wa nje ulikuwa haujajaribiwa. Na mume alikuwa njiani kurudi.

Siku aliyorudi, Fundi alikuwa ametoka kununua vifungo. Alipanda ngazi taratibu, mfuko mkononi. Alipofika mpindo wa mwisho alisimama ghafla. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi kabisa. Gunia la mchele lilikuwa limeegemea kizingiti. Kiraka alikuwa nje, kwenye ngazi ya juu, anatazama chini.

 Ngazi ile ilishuka moja kwa moja hadi langoni, na lango lilitoka barabarani. Alitaka kuita. Alitaka kumrukia. Kisha akajiuliza: nikimkimbilia, atakimbilia wapi? Chini.

Fundi alijikaza. Aliketi polepole kwenye ngazi, akaweka mfuko magotini. Hakumtazama machoni. Nje lori lilipiga honi ndefu. Masikio ya Kiraka yalilala nyuma. Alishuka ngazi moja. Akashuka nyingine. 

Kiraka alifika alipoketi. Alinusa mfuko. Alisugua kichwa kwenye goti lake, mara moja tu. Kisha akageuka, akapanda juu, mkia wima, akaingia ndani kama mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni njia.

Fundi alimfuata. Ndani alimkuta mumewe ameinama juu ya meza ya kukatia. Alikuwa ananusa nguo, moja moja.

"Sisikii kitu," alisema, kana kwamba ameibiwa. "Paka yuko wapi?"

"Amepita hapo sasa hivi. Alikuwa ngazini."

"Ngazini?"

"Mlango umeuacha wazi, Baba Kifungo. Ametoka, ametazama, amerudi mwenyewe."

Mumewe alitazama mlango. Alimtazama Kiraka, ambaye alikuwa ameshapanda ubao wa dirishani na kuanza kulamba mguu.  Alilivuta gunia ndani, akasukuma mlango, akafunga komeo. Kisha akautikisa kwa nguvu, kuona kama umeshika.