Bahasha Alizoziinua Dirishani

"Osman, niangalie. Ulikuwa unachungulia bahasha?"

Osman Fadlalla aliendelea kufuta kipimajoto kilichokuwa kisafi tayari. Ilikuwa Agosti 1984, Ijumaa alasiri, na jua hafifu lilikuwa limeingia katika kliniki ndogo ya Kibera, likatulia mezani kati yake na Wamuyu.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimehesabu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wamuyu, msichana wa Gatina kule Kawangware, alikuwa amesomea takwimu za afya. Sasa alihesabu matokeo ya utafiti wa dawa mbili za unga za watoto wanaoharisha. Pakiti moja nyekundu, nyingine buluu. Ipi bora, hakuna aliyejua. Kila mtoto alifunguliwa bahasha kwa zamu, akapewa rangi iliyoandikwa ndani, kama kura. Osman, Mnubi wa hapo hapo Kibera, ndiye aliyetibu na kufungua bahasha. Kila Ijumaa Wamuyu alikuja kuchukua fomu, na Osman akamsindikiza hadi kwenye reli, wakitembea polepole kama watu wasiotaka njia iishe.

"Tangu Juni," Wamuyu alisema, "watoto thelathini na mmoja wameletwa hapa wakiwa hoi. Wote wamepata buluu. Kura haifanyi hivyo."

Osman akaweka kipimajoto chini.

"Ningefanya nini? Niliona buluu inawarudisha haraka. Mama mmoja, Akeyo, alipomleta mtoto wake, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi... Niliinua bahasha dirishani. Nikaona nyekundu. Nikachukua iliyofuata, yenye buluu. Na mtoto akapona, Wamuyu! Wewe ungempa nyekundu?"

"Sijui."

"Basi."

"Si basi! Walio hoi hukaa wagonjwa siku nyingi zaidi, na wewe umewaweka wote upande mmoja. Sasa kwenye hesabu zangu buluu ndiyo inaonekana mbaya. Mwezi ujao wakubwa wataikataa."

Osman akaketi kwenye benchi la wagonjwa, polepole, kama mtu anayeshuka majini.

"Buluu? Waikatae?"

"Ndiyo."

Nje, mama fulani alikuwa akimwimbia mtoto kwa Kinubi. Walisikiliza mpaka sauti ikapotelea mbali.

"Ungenyamaza tu," Osman alinong'ona. "Aliyeona ni wewe peke yako."

"Ninakupenda." Neno lilimtoka Wamuyu tu. Hakuwahi kumwambia. "Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Jumatatu nitawaambia. Ningependa uwe umewaambia wewe."

"Watanifukuza."

"Labda."

"Na unaniambia leo kwamba unanipenda."

Akamfungulia mlango. Siku hiyo hakumsindikiza.

Jumapili yote ukungu ulilala juu ya shamba la baba yake kule Gatina. Wamuyu alikata majani ya ng'ombe bila kusikia mkono wake, na kila mtu aliyetokea ukunguni alikuwa Osman, mpaka alipokaribia.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisini ililia.

"Wamuyu? Nipo kwenye simu ya posta. Profesa Nderitu amefika?"

"Amefika."

"Mwambie nakuja na orodha. Watoto wote niliowabadilishia, majina na tarehe."

"Unawakumbuka wote?"

"Kwani ningewasahau vipi?"

Osman alizungumza mbele ya wakubwa akiwa amesimama. Profesa Nderitu, mkuu wa utafiti, alimuuliza swali moja: "Tutakuaminije tena?"

"Msiniamini. Bahasha mpeni mtu mwingine. Mimi niacheni nitibu."

Wakamwandikia barua ya onyo. Fomu zote za Kibera tangu Juni zikaondolewa kwenye hesabu, na bahasha mpya, nzito zisizopitisha mwanga, akakabidhiwa nesi Nereah. Kazi ikaanza upya. Kila Ijumaa Wamuyu alichukua fomu kwa Nereah. Osman alimsalimia kwa kichwa tu, kisha akainamia mgonjwa wake.

Katikati ya Machi, Wamuyu alimaliza hesabu. Alienda Kibera moja kwa moja, akamkuta Osman nje akinawa mikono.

"Ni buluu," alisema.

"Kweli?"

"Bila shaka yoyote. Uliona sawa."

Osman akacheka, kisha akafunika uso kwa mikono yake yenye maji. "Nilidhani huwezi kuniangalia tena."

"Wewe ndiye uliyekuwa huniangalii. Ijumaa ishirini na tisa."

"Ulikuwa unazihesabu?"

"Ningefanya nini kingine?"

Wakatembea hadi kwenye reli, wakaivuka, wakaendelea tu, mkono wake ndani ya wa Osman, na hakuna aliyeuliza wanaenda wapi.

Juni iliyofuata, Jumamosi moja, Rahab, mama yake Wamuyu, alichungulia langoni kule Gatina. Nje alikuwa amesimama Osman, na mama yake, Sitti, amebeba sinia la posa lililofunikwa kwa kawa la rangi.

"Huyu ndiye aliyeharibu hesabu zako?" alimuuliza Wamuyu, aliyesimama nyuma yake.

"Ndiye, Mama."

"Na akasema mwenyewe? Bila kusukumwa?"

"Nilimsukuma kidogo. Lakini alisema mwenyewe."

Rahab akawatazama tena, kisha akafungua lango.

"Basi waingie. Baba yako amevaa koti tangu asubuhi, anajifanya hana habari."